Goti Langu Ndani ya Eda

Goti la kulia ndilo lililonivunja. Nikiulizwa lilianza lini, husema lilianza siku ile ya kisimani, lakini huo si ukweli wote. Lilikuwa likiuma kabla ya hapo, maumivu ya kuja na kwenda, nami nikiyafanyia kiburi. Siku hiyo nilikuwa nimejitwika ndoo, mguu ukanasa kwenye tope, mwili ukageuka na mguu usigeuke, na ndani ya goti kitu kikalia ko! Nikaketi pale pale kwenye maji. Nilipotaka kuunyosha mguu haukunyooka. Ulikuwa umekwama, umekunjika nusu, na kila mwanamke aliyejaribu kunivuta nilimtukana.

Tulikuwa tukikaa Malindi, katika mtaa wa zamani, nyumba ya mawe ambayo mume wangu na dadake walirithi kwa baba yao. Tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu aliyekuwa seremala, na huyo wifi yangu, mjane, mkubwa wa mume wangu kwa miaka kumi. Watoto Mungu hakutujaalia. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini na kitu, daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, na mtu wa kwetu aliyemtaka daktari wa mifupa hakuwa na budi kwenda Mombasa. Mimi daktari sikumtaka. Nilitaka mguu unyooke niendelee na kazi zangu.

Kwanza aliitwa mkandaji, bibi mmoja kutoka Mambrui aliyesifiwa kwamba mikono yake inaona. Alinipaka mafuta ya nyonyo, akaukandamiza mguu kwa uzito wake wote, na bibi yule hakuwa mwembamba. Nilipiga kelele mpaka watu wa baraza la jirani wakanyamaza. Akaja mwingine, akaniumika kwa pembe, akatoa damu nyeusi na kuwaonyesha watu kama kwamba ameikamata ikiiba. Siku ya kumi na nne, nikigeuka kitandani, goti likafunguka lenyewe. Bibi wa Mambrui akachukua sifa zote.

Lakini lilikuwa limejifunza. Likawa linajifunga na kujifungua litakavyo, mara sokoni, mara mlangoni, mara nikiwa nimeshika sufuria ya moto. Likijifunga, nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja nimeshika ukuta, jasho linanitoka, nikingoja litake. Na hata likiwa wazi lilikuwa linasaga. Usiku sikulala na mchana sikukaa. Ukubwa wake ulizidi wa mwenzake, na lilikuwa na joto la peke yake hata asubuhi.

Mtu mzima wa magoti hajui ni mara ngapi kwa siku huchutama. Jiko letu la makaa lilikuwa chini. Mbuzi ya kukunia nazi hukaliwa chini chini, miguu imekunjwa. Mchele hupetwa mtu amekaa mkekani. Sala ina kusujudu, nami nilikuwa nasujudu kwa ishara nimekaa kitini kama abiria. Na choo chetu kilikuwa cha shimo. Sitaki kueleza mengi juu ya choo. Nilikuwa nikila kidogo na kunywa kidogo ili nisiende, na nilipokwenda nililia, na nilijua nje wanasikia.

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno ya kubembeleza. Alichonifanyia ni kiti. Alichukua mbao nzuri za mvule, akatengeneza kiti chenye miguu mifupi na kukitoboa katikati, akakiweka juu ya shimo la choo. Wifi yangu alipokiona alishika kiuno.

“Sasa tuna sultani ndani ya nyumba,” akasema. “Ana kiti chake cha enzi.”

“Nawe ukikitaka nitakutengenezea chako,” mume wangu akamjibu.

Nilicheka siku ile. Nasema hivyo kwa sababu sikucheka mara nyingi. Maumivu yalinifanya mkali, na aliyekuwa karibu ndiye aliyeumia. Niliwahi kumrushia kikombe cha chai mume wangu kwa kosa la kuniuliza mguu umeamkaje. Kikombe kikampata begani. Akaokota vigae, akatoka, akaenda zake kazini.

Yeye ndiye aliyenipeleka Mombasa kwa nguvu. Safari ile nilihesabu mashimo yote ya barabara. Pale Kilifi abiria walikuwa lazima washuke, basi liingie kivukoni tupu na watu waliteremkie kwa miguu, na mteremko ule ulikuwa umeota ukoga wa kuteleza. Mume wangu alitangulia kinyumenyume, uso wake umenielekea, mikono yote miwili imeshika yangu, na watu wakatupita huku na huku. Upande wa pili, Mnarani, ilikuwa kupanda. Nilimwambia aniache pale pale nigeuke gofu pamoja na yale magofu ya kale ya hapo juu. Akaniambia magofu hayasemi sana.

Daktari alikuwa mtu wa bara, kijana, mpole, aliyechoka. Alinipiga picha, akalibonyeza goti, akaliegemeza huku na huku, akasema, “Mama, hii goti iko na kitu imepasuka huko ndani, na ndiyo inaifunga. Itabidi tukate hapa.” Akapitisha kidole kando ya goti.

Miaka yote arubaini goti langu lilikuwa hili. Siku ile likawa hii. Ningemcheka, lakini lile neno la pili, “tukate,” lilinikausha mate. Kwetu mgonjwa hupasuliwa. Kinachokatwa ni kile kinachoondoka kisirudi. Nilivuta buibui langu nikaufunika mguu wote, nikamwambia mume wangu twende zetu. Ilibidi daktari achore kwenye karatasi, mume wangu anieleze kwa Kiswahili cha kwetu kwamba mguu utabaki mahali pake, utafunguliwa tu upande mmoja, kile kilichochanika kitolewe, ushonwe. Nikasema nimeelewa. Kichwa kilielewa. Tumbo halikuelewa, na halikuelewa mpaka mwisho.

Orodha ya watu wa kupasuliwa ilikuwa ndefu. Nikapewa kadi yenye tarehe, miezi minane mbele. Daktari alisema maneno ambayo nayakumbuka yote: nisiikose tarehe hiyo, kwa sababu kila siku ninayoukanyaga mguu kile kilichochanika kinakwangua mfupa, na mfupa ukishakwanguka hauna dawa yake. Atakayekosa tarehe, jina lake linarudi mwisho wa orodha. Mume wangu aliitia kadi mfuko wa shati, akaipigapiga kwa kiganja.

Basi nikangoja. Wanaosema kungoja si kazi hawajangoja na kidonda ndani ya kiungo. Mume wangu alinifungia mbuzi ya nazi juu ya bao refu nikune nimesimama, akaniinulia jiko juu ya matofali. Kila mwisho wa mwezi alinitajia iliyobaki: sita, mitano, mitatu. Alisema atachukua ruhusa kazini, atakaa Mombasa kwa binamu yake mpaka nitoke. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia yeye tu. Akasema, “Utaogopa, na utakwenda. Mimi n’takuwa pale nje ya mlango.”

Zilibaki wiki tatu. Alikuwa kwenye benchi lake akipiga randa mlango wa mtu, adhuhuri, akasema kifua kimembana, akakaa juu ya maranda. Walipomletea maji alikuwa ameshaondoka. Walimleta nyumbani juu ya mlango ule ule, haujakamilika, na nilipouona unaingia uani nilidhani ameniletea kitu.

Katika matanga wanawake wote walikaa chini juu ya mikeka, na mimi, mfiwa, nilikuwa juu kitini kama mgeni rasmi. Goti lilikuwa limejifunga asubuhi ile. Nilisikia mtu akinong’ona, “Hata kukaa chini kwa ajili ya mumewe?” Sikuwa na nguvu za kumjibu. Nilikuwa nalia mambo mawili kwa pamoja na sikuweza kuyatenganisha.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi baada ya mumewe kufa. Haolewi, hajipambi, hatoki. Kwetu tulikuwa tukiikaza zaidi: nguo nyeupe, chumba cha ndani, bila wanja wala hina wala manukato, na asionekane hata kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Wifi yangu aliyajua hayo yote, maana eda yake aliikaa katika chumba hicho hicho. Ndani ya eda hiyo mama yao mzazi alikufa, nyumba ya mtaa wa pili, na wifi yangu hakutoka kwenda kumuaga. Alisikia jeneza likipita dirishani. Hilo halikuwa jambo alilolisema kila siku, lakini mtaa mzima ulilijua na kumheshimu kwalo.

Kadi ilitoka mfukoni mwa shati la marehemu, siku ile ya kugawa nguo zake. Jirani yetu mmoja ndiye aliyeisoma. Tarehe iliangukia siku ya ishirini na mbili ya eda yangu.

“Haya, na hospitali je?” jirani akauliza. “Si ndiyo siku ya mguu wake hii?”

Chumbani tulikuwa wanawake wanne au watano. Wifi yangu alikuwa akikunja kanzu. Akaiweka chini.

“Mamangu alikufa nami nimo humu ndani,” akasema taratibu. “Alipitishwa hapo nje. Sikutoka.” Halafu akanitazama mimi. “Wewe wataka kutoka?”

Wote walinitazama. Nikainamisha kichwa, nikaangalia mikono yangu iliyokuwa mapajani. Sikusema kitu.

“Basi,” akasema wifi. “Hapana safari.” Akaichukua kanzu akaendelea kuikunja, na mmoja wa wale wanawake akaniambia Mungu anipe jaza ya subira yangu.

Hivyo ndivyo nilivyozuiwa. Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara naisimulia hivyo.

Siku ya ishirini na mbili niliamka alfajiri. Nikakaa kitandani nimeunyosha mguu. Kila saa nilijua ningekuwa wapi: sasa basi linaondoka, sasa watu wanashuka Kilifi, sasa wako juu ya maji, sasa wanapanda Mnarani. Saa nne nikajua jina langu linaitwa kwenye ile varanda yenye mabenchi, mara moja, mara mbili, kisha linaitwa la mwingine. Wifi akaniletea uji. Nikaunywa wote.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyolimaliza goti. Chumba kilikuwa kidogo na mimi sikuwa na pa kwenda, nikakaa na mguu umekunjwa juu ya mto kwa sababu hivyo ndivyo ulivyopunguza kuuma. Mguu hukaa unavyowekwa. Paja likakonda mpaka nikaweza kulizungusha vidole. Usiku goti lilikuwa linaniamsha kama mtoto mchanga, na hapakuwa na mtu wa kumrushia kikombe. Nilikuwa nazungumza na marehemu. Nilimwambia, kumbe hukunipeleka. Nilimkasirikia sana, nadhani kuliko alivyostahili.

Siku ya kutolewa eda nilikogeshwa, nikavishwa nguo mpya, na mwalimu mzee wa chuo, aliyemsomesha mume wangu Kurani utotoni, akaja kusoma dua. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Baada ya dua nikapita mbele yake nikiwa na mkongojo, mguu wa kulia unagusa ardhi kwa ncha za vidole tu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mguu huu umefanyani?”

Nikamweleza kwa ufupi: goti, kadi, tarehe, eda. Nilieleza kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na nani alokwambia mgonjwa haendi kutibiwa?”

Nikauegemea mkongojo.

“Eda haimkatazi mtu dawa,” akasema. “Mwenye dharura hutoka. Na ikiwa hapana budi kulala huko hospitali, hulala. Mimi niko hapo, mlango wa tatu. Mbona hamkumtuma mtu hata mtoto kuja kuniuliza?”

Hakuwa na hasira. Alishangaa tu, na mshangao wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. Nikamtafuta wifi kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya halua, na uso wake umekuwa wa mtu aliyepigwa kofi. Sasa naelewa alikuwa anafikiria nini. Alikuwa anafikiria jeneza la mamake. Siku ile sikufikiria hivyo. Nilifikiria: huyu ndiye aliyenizuia.

Hatukuuliza kwa sababu kwetu mjane anayeuliza kama anaweza kutoka ameshatoka. Kutuma mtu kwa mwalimu kungekuwa kutangaza kwamba nina hamu ya njia. Kwa hivyo watu wazima watano wenye akili zao tulikaa mlango wa tatu kutoka kwa jibu, miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyenyanyua mguu. Na mimi ndiye niliyekuwa sina mguu wa kunyanyua.

Jina langu lilikuwa limerudi mwisho wa orodha. Nikapasuliwa mwaka uliofuata, na daktari yule yule. Alipoutazama mguu uliokunjika hakusema hii wala hili. Alivuta pumzi tu. Alinifungua, akatoa alichokitoa, akaunyosha mguu kadiri alivyoweza, akautia plasta kutoka pajani mpaka kwenye kifundo. Baadaye akanieleza kwa uangalifu, akitafuta maneno: mfupa umekwanguka, mishipa imejikaza, maumivu yatapungua, lakini goti halitakunjika tena. Lingepasuliwa tarehe ya kwanza, nikamuuliza, ingekuwaje? Akafunga faili. Akasema, “Mama, tuseme tu ingekuwa afadhali.”

Aliyeniuguza nyumbani ni wifi yangu. Hapakuwa na mwingine. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, naye alininyanyua, alinikogesha, alinisukumia kile kiti cha choo mpaka chumbani na kubeba mwenyewe kilichotoka. Hakulalamika. Kutolalamika kwake kulinichoma. Nilikaa na hasira yangu wiki tatu, nikaitunza vizuri, na asubuhi moja, alipokuwa ameinama akinikausha vidole vya mguu kwa kanga, nikaitoa yote.

“Wewe ndiwe ulonilemaza,” nikamwambia. “Ulinifungia ndani kwa sababu wewe ulifungiwa. Wataka kila mtu aumie kama ulivyoumia.”

Alimaliza kukausha kidole alichokuwa amekishika. Kisha akakaa chini sakafuni, kama nisivyoweza kukaa mimi tena, akaiweka kanga mapajani.

“Sikukufungia,” akasema. “Nilikuuliza.”

“Uliniuliza mbele ya watu! Ulitaka nijibu nini?”

“Nilikuuliza wataka kutoka. Nikakungojea. Wallahi ungesema nataka, mara moja tu, ningekwenda kwa mwalimu mwenyewe kwa miguu yangu hii. Hata ungelia tu, ningekwenda.” Sauti yake haikupanda. “Lakini nilikuona, wifi. Uliinamisha kichwa ukashusha pumzi. Mabega yako yalishuka hivi. Nikasema moyoni, huyu hataki. Huyu amepata pa kujificha, na mimi si wa kumtoa.”

Nilimwambia atoke chumbani. Akachukua beseni na kanga, akatoka, akaufunga mlango polepole usipige.

Nilibaki nimelala kwa mgongo, mguu umenyooka mbele yangu kama gogo, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kisu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Siku ile ya kadi, neno la kutoka lilipotajwa, nilikiona kile chumba cha hospitali, na mlango, na nje ya mlango hapana mtu. Wifi alipoanza kusema juu ya mamake nilijua maneno yake yanakwenda wapi, na kitu ndani yangu kikasema alhamdulillahi. Nilifurahi. Nilikuwa mjane wa siku chache, nimevaa nyeupe, na nilifurahi kwamba sitakwenda.

Tulikaa nyumba moja miaka sita zaidi, mimi na yeye, mpaka alipokufa. Wageni walipokuja na kuuona mguu wangu umetangulia mbele kwenye kigoda walikuwa wakiuliza, na mimi nilikuwa nikiwaambia ni wifi yangu, alinizuia hospitali kwa ajili ya eda. Nilisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, naye yuko jikoni anawapikia hao hao wageni chai. Alikuwa akisikia kila neno, na hakunikanusha hata siku moja.